Kambale yupi?

Jina lake kamili sitaliandika, na mkewe ameniomba nisitaje hata avenyu wanayokaa. Nitamwita Kambale. Kwa sisi Wanande, Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, anayemfuata Paluku au Mumbere. Kila nyumba iliyojaliwa wavulana wawili ina Kambale wake, kwa hiyo jina hilo linamficha vizuri. Lilimficha vizuri mno. Karibu miezi minane lilimficha hata kwa watu waliokuwa wakimtafuta.

Mkewe alinijia wiki ya tatu ya Februari 2025. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Ndosho, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, watu wamezoea kuja kwangu kuandikiwa barua: za mahakama, za kuomba kazi, hata za kumwomba mkwe radhi. Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya mumewe akiwa amevaa sare, kadi ya chanjo ya mtoto wa mwisho, na karatasi ya daftari yenye namba tano za simu, tatu zikiwa zimekatwa kwa wino.

"Mwalimu, niandikie kwamba namtafuta."

Nikamuuliza barua iende kwa nani.

"Kwa yeyote anayeshika watu."

Kambale alikuwa askari wa jeshi la serikali, cheo cha chini, amepangwa upande wa Sake. Mara ya mwisho alipiga simu Jumapili tarehe 26 Januari, usiku. Alisema godoro lisimamishwe dirishani, watoto walale sakafuni, na kama barabara itakuwa wazi mke achukue watoto aende kwa mama Butembo. Halafu simu ikakatika. Kesho yake, Jumatatu, Goma ikawa mikononi mwa waasi wa M23.

Hadi mama huyu ananifikia, tayari alikuwa na habari nne za mume mmoja. Kijana wa jirani alimwona Stade de l'Unité, uwanja wa mpira, pale askari wengi walipokusanyika kusalimisha silaha. Muuza makaa alisema amepakiwa kwenye lori lililoelekea barabara ya Rutshuru. Mama mmoja wa kanisani alisikia kwamba ameuawa karibu na uwanja wa ndege. Na shemeji, mdogo wake Kambale, aliapa kwamba kaka yake amejificha ndani ya kambi ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzake.

Nilichofanya kwanza ni kumfuata kila mmoja na swali moja: uliona, au ulisikia? Watu hawalipendi. Muuza makaa alinikunjia uso, kisha akakubali kwamba habari ya lori aliipata kwa yule kijana wa jirani. Basi mashahidi wawili wakawa mmoja. Mama wa kanisani alikuwa ameambiwa na mtu aliyeambiwa. Shemeji hakuwa ameona chochote. Alikuwa anaomba Mungu kwa sauti tu.

Akabaki kijana. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, na siku alizichanganya: mara Jumatatu, mara Jumanne. Ningeweza kumtupilia mbali kama si soksi. Alisema Kambale alivaa suruali ya kiraia na soksi za kijivu, bila viatu. Sasa, mtaa mzima unamjua Kambale kwa viatu. Jioni alikuwa anakaa mlangoni na kopo la rangi, anasugua buti mpaka watoto wanajiangalia humo. Kijana alisema alipomwona na soksi juu ya mawe yale ya volkano, kicheko kilimtoka, halafu akaona haya. Mtu anayetunga hadithi hatungi aibu yake mwenyewe. Nikaandika: ameonekana hai, stade, tarehe 27 au 28, shahidi mmoja aliyeona kwa macho.

Hata hivyo, njia ya mochwari ilibidi tuipite. Mwanzoni mwa Februari Umoja wa Mataifa ulisema miili kama 2,000 imekwisha kuzikwa mjini na mingine 900 iko katika mochwari za hospitali. Umeme ulikuwa umekatika, na miili haikuweza kungoja ndugu wajikusanye. Mama huyu alikuwa ameshazunguka peke yake, kitambaa puani, akitazama nyuso. Nilimwambia nyuso zinadanganya baada ya siku chache, inafaa kutafuta alama. Akasema ana kovu mguuni. Mguu upi? Akanyamaza. Alipoanza kulia nilidhani analia kwa kumkumbuka mumewe, kumbe analia kwa sababu amesahau. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hajui kovu liko kushoto au kulia.

Mama mkwe ndiye aliyejua. Alituma sauti kwa WhatsApp kutoka Butembo, kuku wakisikika nyuma: mguu wa kushoto, chini ya goti, mafuta ya mandazi, alikuwa na miaka minne, "na kidole chake kidogo cha mguu huohuo kimepanda juu ya mwenzake". Kwa alama hizo mbili tuliweza kusema hakuwa miongoni mwa miili aliyoonyeshwa. Kuhusu waliozikwa kabla hajafika hatukuweza kusema kitu, na niliandika hivyo wazi, ingawa shemeji alitaka niandike "si marehemu".

Hapo shemeji akaharibu. Nasema hivyo nikijua alifanya kwa mapenzi. Mwezi wa Machi alichukua picha ile ya sare, akaandika jina, kikosi, kovu la mguu wa kushoto na namba ya simu ya mke, akaitawanya katika makundi yote ya WhatsApp aliyomo. Siku mbili baadaye mwanaume akapiga. Sauti ya upole, Kiswahili safi. Yuko na Kambale, wamefungwa chumba kimoja, anaumwa tumbo, zinahitajika dola 80 za dawa. Mke akauliza: nitaaminije? Mwanaume akajibu: ana kovu la kuungua mguu wa kushoto.

Alikopa kwenye likelemba, mchezo wa wanawake wa kuchangiana pesa kwa zamu, akatuma. Juma lililofuata zikatakiwa 50 nyingine, akatuma. Kisha namba ikazimwa.

Waliofanya kazi hii ya kutafuta watu miaka mingi wana desturi ambayo sisi tuliijifunza kwa dola 130: ukitangaza mtu, alama moja usiitangaze. Iweke moyoni kama ufunguo. Anayedai amemwona, muulize hiyo. Tungebaki na kile kidole kilichopanda juu ya mwenzake, mwizi angekwama pale pale. Na ile picha ya sare ilikuwa hatari kuliko hasara ya pesa. Kambale alionekana na suruali ya kiraia. Huenda huko alikokuwa alijitambulisha vingine, na sisi tukatuma sura yake, kikosi chake na cheo chake kwa mji mzima. Nilimlazimisha shemeji aifute. Aliifuta kwake. Kwa wengine mia mbili je?

Tumaini la kambi ya MONUSCO lilidumu mpaka Mei. Ni kweli askari na polisi wengi walikimbilia humo mji ulipoanguka. Tarehe 30 Aprili Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilianza kuwasindikiza kwenda Kinshasa, baada ya serikali, M23 na MONUSCO kukubaliana. Kazi ilipokwisha katikati ya Mei walikuwa wamepelekwa watu 1,359, wakiwemo wake na watoto wa askari. Binamu aliye Kinshasa alihangaika wiki nzima kuulizia waliofika. Kambale hakuwemo.

Ikabaki njia ya lori. Kwamba askari waliosalimu amri walipakiwa kwenda kambi ya Rumangabo, teritwari ya Rutshuru, haikuwa siri, kwa sababu malori yalipita mchana. Lakini huwezi kupanda pikipiki ukaenda kugonga lango la kambi. Anayeweza kuomba kuingia, akaonana na wafungwa, akaandika majina yao, ni CICR, na haihitaji malipo yoyote ya familia. Mwezi wa Machi, siku chache baada ya wizi ule, nilimsindikiza mama huyu kujaza fomu ya kutafutwa.

Kwenye benchi la kungojea shemeji alikuwa na hotuba yake: kaka yangu ni mfungwa wa vita, ana haki zake Geneva! Neno hilo analishika kama panga. Lina uzito kweli. Mkataba wa 3 wa Geneva wa 1949 unasema, kifungu cha 17, kwamba mfungwa wa vita akiulizwa analazimika kutaja mambo manne tu: majina yake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Kifungu cha 70 kinampa haki ya kuandika kadi kwa familia na kwa shirika kuu la kutafuta watu huko Geneva, ndani ya juma moja tangu afike kambini. Lakini mkataba huo umeandikwa kwa vita vya dola na dola. Serikali ikipigana na waasi, kinachosimama ni kifungu cha 3 kilichomo katika mikataba yote minne, pamoja na Itifaki ya 2 ya 1977. Itifaki inamruhusu mfungwa kuandika barua na kadi, lakini haina ile ahadi ya juma moja. Vita vyetu ni vya aina gani? Kinshasa inasema ni Rwanda. Baraza la Usalama, katika azimio namba 2773 la Februari 2025, liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe askari wake, na Kigali ina maelezo yake. Nilimwambia shemeji wanasheria watakula miaka juu ya hilo. CICR haingoji mtu apewe cheo cha mfungwa wa vita ndipo iombe kumwona, inangoja kufunguliwa mlango na aliyemshika.

Fomu iliuliza majina yote, ya baba na ya mama, mahali na tarehe ya kuzaliwa, kikosi, ameonekana wapi mara ya mwisho na nani. Mke akajibu bila kusita: Kambale, na jina la ubatizo. Hayo mawili ndiyo anayomwita nayo nyumbani anapokasirika, siku nyingine ni Baba Watoto tu. Mimi nimesimama kando, mwalimu mzima, anayeita rejista ya wanafunzi kila asubuhi, sikuuliza jina la katikati. Kosa hili ni langu, na katika kisa hiki chote ndilo linaloniuma zaidi.

Maana sisi Wakongo tuna majina matatu, na kila ofisi inachagua yake. Mobutu alipopiga marufuku majina ya kizungu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wazazi waliongeza jina la babu ili kujaza pengo. Marufuku ilipokwisha, majina ya ubatizo yakarudi, la babu nalo likakaa pale pale. Kwa Mnande jina la kwanza linaonyesha nafasi yake ya kuzaliwa, si ukoo. Kuandika "namtafuta Kambale" ni sawa na kuandika "namtafuta kitinda mimba". Linalomtofautisha mtu ni lile la katikati, ndilo lile tuliloliacha.

Huko Geneva, vita vya 1914 vilipoanza, CICR ilifungua ofisi ya wafungwa. Kufikia mwisho wa vita ilikuwa na kadi kama milioni 7 za wafungwa kama milioni 2. Kadi zilizidi watu kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kadi ya ndugu wanaouliza na nyingine ya habari iliyotoka kambini, na kazi yote ilikuwa kuzikutanisha hizo mbili. Za Kambale zilikuwa zinapishana.

Nililigundua mwezi wa Julai, kwa bahati. Mke alikuwa anatafuta karatasi yoyote ya mshahara. Benki za Goma zilifungwa tangu Januari, na hata zingefunguka, yeye si mjane wa kudai haki za mjane, wala si mke mwenye mume wa kutia sahihi. Sheria ya Familia ina njia kwa mtu asiyejulikana alipo, lakini njia hiyo inapita mahakamani, na mwenyewe hataki kusikia, kwake ni kama kumzika. Basi katika zile karatasi ikatoka nakala ya kitambulisho cha jeshi. Kambale, kisha jina la babu, na ubatizo haupo kabisa. Tena jina la babu lina R mahali ambapo nyumbani kuna L, na mwaka wa kuzaliwa ni 1989. Kadi ya ubatizo, ambayo katekista alitupigia picha kutoka Butembo, inasema 1991. Kadi yake ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ina herufi L na mwaka 1989. Karatasi tatu zilitupa watu watatu. Tulirudi kusahihisha fomu, tukaandika sura zote za jina na miaka yote miwili. Aliyetupokea hakushangaa hata kidogo. Akaomba pia mahali ambapo ujumbe ukija utawafikia hata wakihama nyumba. Ndosho haina namba za milango, na maelekezo ni "nyuma ya kinu, parseli yenye mlango wa bati la bluu". Tukaandika jina la parokia.

Ningependa kusema marekebisho hayo ndiyo yaliyomfichua Kambale. Sivyo. Wakati sisi tunasahihisha, yeye alikuwa ameshaandika.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi moja isiyofungwa, habari za familia tu, inasomwa njiani na wenye mamlaka. Wake ulikuwa na tarehe ya Mei. Hakuuelekeza Goma. Kwa akili yake mke alikuwa ameshafuata agizo la Jumapili ile na kwenda Butembo, basi akaandika jina la mama yake. Kati ya Goma na Butembo kuna mstari wa vita, na karatasi ikachukua mpaka Septemba. Mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu alisimama baada ya misa, akasoma majina. Aliposoma la Kambale, kwa lile la jeshi lenye R, hakuna aliyeinuka. Mama mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu. Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu, katekista, yule yule aliyetupigia picha ya kadi, akalitamka jina la babu kwa sauti, kwanza na R, kisha na L, akageuka kumtafuta bibi kwa macho.

Tuliusoma katika simu ya mke, kioo kimepasuka, tukivuta picha kubwa kwa vidole viwili. Mistari minne: "Mama, mimi ni mzima. Mguu umepona. Nisalimie watoto wote kwa majina yao. Mwambie mama yao asiuze cherehani."

Shemeji alipiga magoti palepale. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuuchambua. Mwandiko: mke aliutambua kwa ile M. Mguu umepona: kumbe aliumia, hakuna aliyejua. Cherehani: Krismasi ya 2024 walikuwa wamegombana juu yake ndani ya chumba, milango imefungwa, na hakuna tangazo la WhatsApp lililowahi kuitaja. Kwa hiyo ni yeye. Lakini tarehe ni ya Mei. Karatasi ile inathibitisha kwamba mwezi wa Mei alikuwa hai na ana nguvu ya kushika kalamu. Juni mpaka Septemba haisemi kitu, na nilimweleza mke hivyo, polepole. Alikitikisa kichwa. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Mahali karatasi ilikotoka sitapaandika.

Mwezi huohuo wa Septemba, huko Doha, serikali na M23 walitia sahihi utaratibu wa kuachilia wafungwa, CICR ikiwa katikati yao. Shemeji sasa anafuatilia redio kama mpira. Utaratibu wa namna hiyo unaenda kwa orodha, na tumeshawapa wahusika sura zote za jina la Kambale, na R na L.

Likabaki jibu. Mama watoto alikuja jioni, mvua inataka kunyesha, na fomu tupu ndani ya kitenge. Alinitamkia, nikaandika. Watoto wazima. Mdogo ameota meno ya mbele, kaka yake amepanda darasa la tano. Alitaka kuongeza ni nani wanaolinda barabara siku hizi na gunia la makaa limefika bei gani. Hilo la barabara nikalikataa, lingezuia karatasi yote isipite.

"Na cherehani?" nikamuuliza.

Cherehani aliiuza Aprili, kulipa likelemba zile dola 130. Alikaa kimya muda, matone yakaanza kupiga bati.

"Andika iko kwa fundi."

Nikaandika.

"Halafu muulize kama ana viatu."